Chumba Kisicho na Foleni

Mafundi wa kompyuta, ukiwauliza, watakwambia ile haikuwa nyumba. Watakwambia ni mfumo: hapa programu, pale hifadhidata, katikati dimbwi la miunganisho inayoazimwa na kurudishwa, na mlangoni kigawa mzigo kinachoamua nani aelekezwe wapi. Waache waseme. Wao hukaa nje wakitazama kwenye kioo cha kompyuta. Kidawa alikuwa ndani, na ndani hakuna programu wala kioo. Kuna lango, kuna vyumba vinne, kuna watu waliochoka, na kuna ukuta. Nyuma ya ukuta ndiko liliko Ghala, ambalo hakuna aliyewahi kulitia machoni. Mchana wa Nyumba hiyo haukuwa na asubuhi wala jioni, ulikuwa mchana tu, mweupe na mzito, na Kidawa alikuwa ameishi ndani yake muda mrefu hata hakujua kama aliingia akiwa msichana au mtu mzima. Kuna nyakati alijitazama mikono akaiona ya kizee. Kuna nyakati ilikuwa ya mtoto. Hakushangaa. Mikono yote hiyo, ya kizee na ya kitoto, ilikuwa na ganzi ileile.

Watu wa mji ule hawakuweka kitu kichwani. Walianza kidogokidogo, kwa sababu kukumbuka kunachosha, na mwisho wakakabidhi kila kitu Ghalani: jina la mke, njia ya kurudi nyumbani, sababu ya ugomvi wa juzi, ahadi waliyompa marehemu. Mtu akitaka chake alikuja Nyumbani kuuliza. Kila chumba kilikuwa na benchi, juu ya benchi wamekaa matarishi, na kila tarishi ameshika ncha ya uzi unaopita tunduni ukutani hadi Ghalani. Unamwambia swali lako, anautikisa uzi, uzi unatikiswa kutoka upande wa pili, naye anausoma mtikiso kwa vidole na kukupa jibu. Akishakujibu, anarudi benchini kumngoja mwingine. Kazi hiyo haikuwa na jasho, lakini matarishi walizeeka haraka, maana kushika uzi kutwa nzima bila kujua lini utatikisika si mchezo.

Kidawa alikuwa fundi wa hitilafu. Kila alipoanza kazi alipita kwanza Chumba cha Kwanza, akamsimamia tarishi wa mwanzo wa benchi na kuuliza swali lake lile moja: "Nina nani?" Uzi ulitikisika, na tarishi akamjibu: "Una ndugu. Chande. Ni tarishi, Chumba cha Tatu." Basi. Akashukuru akaenda zake. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, hakuwa na jirani wa kumwazima chumvi. Alikuwa na sentensi hiyo, na wala haikumfurahisha wala kumhuzunisha. Alikwenda kuisikia kama mtu anavyopapasa mfuko kuhakikisha ufunguo upo.

Siku hiyo, kama ni siku, Bwana Vuai alimwita. Bwana Vuai ndiye aliyekuwa msimamizi wa Nyumba, mtu mnene, nadhifu, aliyependa mambo yaende bila yeye kuyaelewa.

"Uwanja unajaa, Kidawa," alisema. "Watu wakitoka vyumbani hawaendi makwao. Wanakaa tu pale nje. Wananiharibia sura ya Nyumba."

"Wanalalamika nini?"

"Hawalalamiki! Hilo ndilo linaloniudhi. Mtu akilalamika unajua pa kumshika. Hawa wananiamkia vizuri, wanasogea nipite, kisha wanarudi kukaa."

"Na matarishi?"

"Wazima wote. Nimewajulia hali mwenyewe, mmoja mmoja."

Hapo Kidawa alipaswa kusimama. Alikiri baadaye kwamba hata hakusita. Desturi ya Nyumba ilikuwa hivyo tangu kale: kabla tarishi hajapewa swali la mtu, huulizwa, "Upo?" Naye hujibu, "Nipo." Akishasema yupo, basi yupo, apewe kazi. Nani angeona kasoro katika jambo la adabu namna hiyo? Mtu wa mji ule hata akiwa na homa ya kumtoa roho, ukimwuliza habari za tangu jana atakwambia nzuri, na ukimwuliza za nyumbani atakwambia salama, kisha ndipo atakapokwambia kwamba baba amefariki na maziko ni saa kumi. Jibu la salamu halisemi habari. Jibu la salamu ni salamu.

Uwanjani alikuta watu wengi kuliko alivyodhani. Walikaa juu ya mikeka na vipande vya maboksi, wametulia, hawana haraka. Karibu na bomba la maji mwanamume mmoja mwenye kanzu iliyofifia alikuwa akibishana, na peke yake ndiye aliyekuwa na sauti uwanja mzima.

"Kazija, mimi ni mumeo," alikuwa akisema.

"Samahani sana kaka yangu," mwanamke aliyeambiwa hivyo alimjibu kwa upole. "Nimeuliza. Nimeambiwa hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna mume."

"Mimi nimeuliza nikaambiwa mke wangu ni Kazija, mwenye kidoti hapo shavuni! Si hicho hapo?"

"Kidoti ninacho. Mume ndiyo sina."

Mwanamume, jina lake Sururu, alimgeukia Kidawa machozi yakimlengalenga. Kidawa aliwauliza kila mmoja aliuliza chumba gani. Sururu aliuliza Chumba cha Kwanza. Kazija, cha Tatu. Ghala ni moja, swali ni moja, majibu mawili. Fundi mwingine angeruka kwa furaha, maana hitilafu inayojionyesha ni nusu ya kazi. Kidawa hakuruka. Alikuwa amechoka na mchana ule usioisha, na akasema neno jepesi kuliko yote ambayo fundi anaweza kusema.

"Rudini mkaulize tena."

Wakarudi. Yeye akawangoja bombani. Walitoka upesi, hata hakuwahi kuchoka kusimama, na alipowaona alijua kuna lililoharibika zaidi, kwa sababu Sururu alikuwa ametulia. Alimpisha Kazija mlangoni. Kazija akamshukuru. Sururu akaenda kukaa kwenye boksi, Kazija akakaa kwenye mkeka, kila mmoja upande wake, wametazama mbele.

"Mzee Sururu," Kidawa alimwita. "Mke wako je?"

"Nimeuliza," Sururu alisema. "Kumbe sina."

Ni mimi, Kidawa aliwaza. Mmoja alikuwa anajua, nami nimemtuma akapotee. Alingoja jambo hilo limchome. Halikumchoma. Aliliona limekaa ndani yake kama kiti katika chumba cha watu wengine. Lingoje, litakuja. Halikuja. Je, mtu aliyetenda ubaya na hausikii ubaya ule, bado ni yeye aliyeutenda? Au aliyetenda ni mwingine aliyekuwa na mikono hii kabla yake? Mikono ilikuwa ya kizee wakati huo. Akaiweka mfukoni akaenda langoni.

Langoni alikaa Bi Mize, mgawaji wa watu. Kazi yake ilikuwa kutazama vyumba vinne na kumpeleka kila anayeingia kwenye chumba chenye nafasi. Alikuwa mama mwenye kicheko cha karibu na moyo wa haki, na haki yake ilikuwa moja tu, kwamba asingoje mtu wakati kuna mahali pasipo na foleni.

"Wale wawili niliowarudisha, Bi Mize, umewapeleka wapi?"

"Cha Tatu, mwanangu. Niwapeleke wapi tena? Kile ndicho kitupu."

"Kitupu kila wakati?"

"Kila wakati! Wale vijana wa Cha Tatu wana kasi, acha tu. Mtu anaingia, anatoka. Cha Kwanza hapo wanajivuta, swali moja mpaka mtu asinzie. Mimi sasa nikipata watu kumi, wanane nawatia Cha Tatu. Hata kitambaa cha sifa wamepewa, hukukiona mlangoni? Cha kijani."

"Na zamani?"

Bi Mize alifikiri. "Zamani hakikuwa na watu kabisa. Kiko mbali, watu walikuwa wavivu kukifuata. Walikaa vijana wa watu pale kutwa, hakuna anayewauliza hata njia ya chooni."

Kidawa aliketi chini kando yake, mgongo ukutani. Watu waliendelea kuingia, Bi Mize akaendelea kuwaelekeza kwa kidole: Cha Tatu, wewe Cha Tatu, mama nenda Cha Tatu utahudumiwa upesi. Fundi yeyote wa Nyumba alijua jambo moja kuhusu nyuzi. Uzi ukilala sana hukatwa. Nani anaukata, hakuna anayejua. Pengine mtu anakaa katikati ya ukuta na mkasi wake, pengine ni ukuta wenyewe hauvumilii kitu kisichotumika. Unakatwa kimyakimya, na tarishi aliyeshika ncha haambiwi. Anaendelea kuishika. Ukimwuliza kama yupo, yupo kweli, amekaa pale na mashavu yake na pumzi yake. Ukimpa swali anatikisa uzi, anangoja, hakitikisiki kitu, naye kwa kuwa ni mtu mwaminifu anakwambia anachokiona vidoleni: hakuna. Wala hamdanganyi mtu. Na kwa kuwa kusema hakuna hakuchukui muda, chumba chake hakijai, na kwa kuwa hakijai, kinaletewa watu wote. Aliyekatika na Ghala zamani ndiye sasa anayeujibu mji mzima. Kidawa aliliona hilo lote kwa mkupuo, pale chini, miguu ya watu ikimpita, na akawaza kwamba pengine hata huko nje, kwenye miji yenye asubuhi na jioni, wanaotawala ni hao hao: wenye jibu la haraka na uzi usiofika popote.

Akawaza tena: Chumba cha Tatu. Chande.

Maana palikuwa na utaratibu. Uzi uliokatika hauungwi. Tarishi wake huinuliwa benchini na kutolewa kwa mlango mdogo wa nyuma, na mwingine mwenye uzi mpya hukalishwa mahali pake. Jina la aliyetolewa hufutwa Ghalani pamoja na kila kilichofungamana nalo, ili asije akaitwa tena kwa makosa. Kikishafutwa kitu huko, vichwani hakikai. Kinatoka kwa watu kama moshi jikoni mlango ukifunguliwa. Kama uzi wa Chande ulikuwa umekatika na Kidawa akasema, basi atampoteza Chande, na hatajua kwamba amempoteza. Kama hakusema, Bi Mize ataendelea kunyoosha kidole.

Hakwenda moja kwa moja. Alipita kwanza Chumba cha Kwanza, akamwambia tarishi amwekee neno moja Ghalani, neno lolote lisilo la salamu, na neno lililomjia lilikuwa mchicha. Kisha akaanza kupita vyumbani na kumwuliza kila tarishi jambo moja: nimeweka nini Ghalani? Desturi haikuwa hiyo, na wengine walinuna. "Kwani kusema nipo hakutoshi?" mmoja wa Chumba cha Pili alimwuliza. "Nimekuwa hapa tangu hujazaliwa." Lakini alitikisa, akangoja, akasema mchicha, na nusura acheke. Mchicha, mchicha, mchicha, benchi lote. Chumba cha Nne vilevile.

Chumba cha Tatu kilikuwa kisafi, na upepo ulipita. Kitambaa cha kijani kilining'inia mlangoni. Matarishi walikaa wamenyooka, wachangamfu, wamezoea kusifiwa. Wa kwanza alisema hakuna. Wa pili, hakuna. Akawapita wote hivyo mpaka mwisho wa benchi, alikokaa mwanamume mwembamba mwenye masikio makubwa kidogo. Kidawa alikuwa hajawahi kuingia chumba hiki. Jambo hilo lilimgonga sasa hivi: sentensi alikuwa anaichukua kila aanzapo kazi, Chande mwenyewe hakuwahi kumfuata.

"Upo?" aliuliza, ingawa alijua swali hilo halina maana.

"Nipo, bibie. Karibu sana."

"Mimi ni nani kwako?"

"Ngoja niulize." Akautikisa uzi kwa uangalifu, akainamisha kichwa kama anayesikiliza. Alikuwa na sura ya mtu anayetamani kukupa unachokitaka. "Hakuna, bibie. Pole."

Kidawa akageuka pembeni. Dirisha la chumba lilitazama uwanjani, na uwanjani Kazija alikuwa amempa Sururu kikombe cha maji, Sururu amekipokea kwa mikono miwili kama mgeni. Siwezi, aliwaza. Kisha: unaweza, maana huhisi kitu. Kisha: nahisi. Sijui ni nini, kiko mbali, lakini nahisi. Na kama ninachohisi ni cha Ghala, nacho watakifuta. Hebu nikishike kidogo. Akabaki amekishika, na nyuma yake akasikia viatu vya Bwana Vuai.

"Umekipata chanzo?" Bwana Vuai aliuliza. "Ni langoni, sivyo? Nilijua ni Mize."

Angeweza kusema ndiyo. Bi Mize angehamishiwa jikoni, mwingine angekaa langoni, naye pia angepeleka watu kusiko na foleni, na Chande angebaki.

"Ni hapa," Kidawa alisema. "Benchi zima. Nyuzi zimekatika."

"Hapa? Hiki ndicho chumba changu bora!"

"Ndicho chepesi kuliko vyote. Hakina jibu hata moja. Na kuanzia leo tusiwaulize matarishi kama wapo. Tuwaulize kitu wasichoweza kukijua bila Ghala."

Bwana Vuai alitazama kitambaa chake cha kijani kwa huzuni ya kweli. Kisha akatazama mwisho wa benchi na kushusha sauti. "Nasikia yule ni ndugu yako."

"Ndiye."

"Utaratibu unaujua."

"Naujua."

Waliinuliwa mmoja mmoja. Wengine hawakuelewa, wengine walichukia. Chande alipofikiwa alibaki amekaa.

"Lakini nipo," alisema. "Dada huyu ameniuliza sasa hivi, nimemjibu."

"Upo," Kidawa alisema. "Sijasema hupo. Nipe uzi."

Alimpa. Kidawa akauvuta, nao ukaja bila ubishi, hatua mbili tatu tu, na mwisho wake ukatoka tunduni ukiwa na vumbi, umechanika. Chande aliushika huo mwisho akaugeuzageuza.

"Kumbe," alisema. "Niliwaambia wangapi hakuna?"

"Wengi."

Akafunika uso. Kidawa alimwekea mkono begani, na ule mkono, ambao wakati huo haukuwa wa kizee wala wa mtoto, ulisikia mfupa, na joto, na jinsi alivyokuwa anatetemeka.

"Na wewe nilikwambia hakuna," Chande alisema kutoka nyuma ya viganja. "Ulikuwa nani?"

"Dada yako."

Aliondoa viganja akamtazama sana, uso mzima, kipande kwa kipande, kwa pupa ya mtu anayeondoka. "Una masikio yangu," alisema, akacheka kidogo, na Kidawa naye akacheka, na walikuwa bado wanacheka Bwana Vuai alipofungua mlango mdogo.

Uwanja ulipungua upesi. Chumba cha Tatu kilipata matarishi wapya na nyuzi mpya, kikawa na foleni kama vyumba vingine, na Bi Mize akalalamika kwamba watu wamekuwa wazito. Sururu na Kazija waliuliza tena, wakatoka wameshikana mikono, wakigombana njia nzima. Sururu hakuwa tayari kusamehe kuitwa kaka mbele za watu. Bwana Vuai alimshukuru fundi wake na kumwambia akapumzike.

Kidawa alitoka nje. Hakuwa na pa kwenda na hilo halikumsumbua. Ndivyo alivyokuwa siku zote, kwa jinsi alivyojua. Alizunguka Nyumba kwa nyuma, upande wenye kivuli, na akamkuta mwanamume mwembamba mwenye masikio makubwa kidogo amekaa kwenye mkeka, anamenya chungwa. Walisalimiana. Nzuri, nzuri, salama. Alikusudia kupita, lakini miguu ilisimama, na bila kutanguliwa na neno wala wazo lolote alianza kulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama wanavyolia watu msibani mwili unapoinuliwa. Kifua kilimuuma. Alimtafuta ndani yake mtu wa kumlilia, akakuta pamefagiliwa.

"Umefiwa na nani, bibie?" yule mwanamume aliuliza.

"Sijui."

Aliliweka chungwa chini. Hakuuliza tena. Alijisogeza pembeni mpaka akakaa nusu kwenye mchanga, ili amwachie sehemu nzuri ya mkeka, na Kidawa akaketi.